Mwereka wa Mapatano

Nataka kugombana na walimu wa kujihami. Sisemi wote, maana wapo wachache waijuao kazi yao, na hao sitawagusa. Nasema wale walio wengi, ambao hualikwa na vyuo, maofisi na vyama ili waje kwa muda wa saa mbili, wawapange watu safu mbili ukumbini, na kuwafundisha namna ya kumpiga na kumwangusha mshambuliaji aliyekaribia. Ugomvi wangu nao hauna chuki ndani yake. Ni ugomvi wa mnunuzi na mwuzaji: wanauza kitu, na kitu wanachokitaja hakimo ndani ya sanduku.

Mazoezi yao yanajulikana kwa kila mtu aliyepata kuyatazama. Mmoja katika safu ya kwanza humshika mwenzake ukosi wa shati, au humpiga ngumi moja ndefu, polepole, kisha huuacha mkono wake hewani kama nguo iliyoanikwa. Mwenzake huupangua mkono huo, humpiga kiwiko cha taya, goti la tumbo, ukingo wa kiganja shingoni, halafu humpiga mtama naye akaanguka. Mwalimu huhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Aliyeanguka ameanguka kwa hiari yake mwenyewe, kwa sababu hesabu imefika nne. Watazamaji hupiga makofi, safu hubadilishana, na jua likielekea kuzama kila mtu hurudi kwake na cheti chenye jina lake.

Niruhusiwe kuuliza swali la mtu wa lugha, maana lugha ndiyo kazi inayonilisha. Mwereka ni nini? Ni mashindano ya miili miwili ambayo kila mmoja unakataa kwenda unakotakiwa na mwenzake. Ondoa kukataa huko, na kilichobaki ni ngoma. Nami sina neno na ngoma. Watu wa Lamu wachezapo kirumbizi kwa fimbo zao, mchezo huo una uzuri wake, adabu zake na heshima yake, wala hakuna mchezaji arudiye nyumbani akidhani kwamba sasa aweza kukabiliana na mnyang'anyi. Kosa haliko katika kucheza. Kosa ni kumchezesha binti wa miaka kumi na tisa ngoma, kisha kumwambia kwamba amefundishwa vita.

Mshambuliaji wa kweli hafanyi hata jambo moja katika yale yafanywayo na safu ya kwanza. Hapigi ngumi moja akaisahau. Hupiga tatu au nne kwa mkono uleule, na kwa mkono wa pili humshika amshambuliaye asiondoke. Husukuma, huvuta, hutukana. Hutokea nyuma au ubavuni, kwenye giza la ngazi au kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, na mara nyingi hutanguliza maneno ya kirafiki, kama kuuliza saa au kuuliza njia. Wale ambao mitaa yetu imewaita wakabaji hawana haja na ukosi wa shati. Huzungusha mkono shingoni kutoka nyuma, kile kiitwacho kabari au roba, na mwenzao hupekua mifuko. Shingo ikibanwa sawasawa pande zake mbili, damu haifiki ubongoni kama ipasavyo, na mtu hupoteza fahamu kwa kadiri ya sekunde kumi, pengine pungufu. Katika muda huo hapana nafasi ya kuhesabu mpaka nne. Ipo nafasi ya jambo moja: kuinamisha kidevu, kuushika mkono ule kwa mikono yote miwili na kuuvuta chini ili koo lipate pumzi, kisha kuugeuza mwili. Jambo hilo hujifunzwa kwa kukabwa na mtu akabaye kweli, kwa kiasi, mbele ya mwalimu aliye macho, na kwa alama ambayo mwanafunzi akiipiga mara moja mkono huachiwa. Halifundishiki na mtu aliyeuweka mkono wake begani mwa mwenzake kama apigaye picha ya harusi.

Najua jibu watakalonipa, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi. Watasema: mapigo yetu ni ya hatari mno. Hatuwezi kuwaruhusu wanafunzi wachomane vidole vya macho, wapigane makoo na kuvunjana magoti. Kwa hiyo tunalazimika kufanya polepole na kwa mapatano. Jibu hili lina sura ya busara, na yeyote asiyeijua historia ya mambo haya atalipokea. Walakini lilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka mia moja na arobaini iliyopita, huko Japani, na aliyelijibu hakuwa mtu wa maneno tu.

Kano Jigoro alizaliwa mwaka 1860. Alikuwa mtu wa umbo dogo aliyeonewa na wenzake shuleni, akatafuta elimu ya jujutsu ili aweze kujisimamia. Alisoma katika shule mbili za kale, Tenjin Shin'yo na Kito. Wakati ule jujutsu ilikuwa elimu iliyoporomoka: watu wa vita wa zamani walikuwa wamepoteza cheo chao, na walimu wengi walibaki na mifuatano ya mapigo ambayo mwanafunzi aliikariri pamoja na mwenzake, huyu akijua atakalofanya yule. Mifuatano hiyo yaitwa kata. Zilikuwapo shule zilizokuwa na mapambano huru pia, na zile mbili za Kano zilikuwa miongoni mwake. Lakini mwaka 1882, alipofungua chuo chake cha Kodokan katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, akiwa na wanafunzi wachache na mikeka kumi na miwili, alifanya jambo ambalo wenzake hawakulithubutu kwa kadiri ile. Aliyachukua mapigo ya ngumi na mateke, na mbinu nyingi za kuvunja viungo, akayaweka upande wa kata, yahifadhiwe kama elimu. Yaliyobaki, yaani kuangusha, kukandamiza chini, kukaba na baadhi ya mbinu za kiungo, akaamuru yafanywe kwa nguvu zote juu ya mtu anayekataa kwa nguvu zote. Mapambano hayo huru huitwa randori.

Ebu tulitazame jambo hili kwa makini, maana ndani yake mna fumbo. Mtu aliyeondoa mapigo ya hatari alipaswa, kwa hesabu ya walimu wetu, kuwa na wanafunzi dhaifu. Ikawa kinyume. Katika mashindano yaliyofanywa miaka ya 1880 chini ya polisi wa Tokyo, wanafunzi wa Kano walijipatia sifa mbele ya watu wa shule za kale waliojivunia siri za kuua. Na sababu yake haina uchawi. Mbinu inayoweza kujaribiwa kila siku, kwa nguvu kamili, juu ya mtu asiyetaka kushindwa, hujulikana mpaka mwisho wake: mtu hujua inafaulu wapi, inashindwa wapi, na afanye nini ikishindwa. Mbinu isiyoweza kujaribiwa kamwe hubaki hadithi, na mwenye hadithi hajui kama anayo silaha au hana mpaka siku atakayohitaji. Wazee wetu waliosema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani walikuwa wakieleza hili hili. Katika randori mtu huanguka mara mia kabla hajaangusha mara kumi, na kuanguka huko ndiko somo.

Mbegu ile ilisafiri. Maeda Mitsuyo, mwanafunzi wa Kodokan, alifika Brazili mwaka 1914. Kutoka kwake jamaa ya Gracie ilipata elimu ya kupambana chini, ikaiendeleza kwa njia ileile ya kujaribiana kila siku. Tarehe 12 Novemba 1993, katika mji wa Denver huko Marekani, Royce Gracie aliingia kwenye mashindano yaliyokaribia kukosa sheria, ambamo mabondia, watu wa karate na watu wa mateke walikuja na mapigo yao yote ya kutisha. Hakuwa mkubwa wa mwili. Aliwashinda watu watatu usiku mmoja kwa kuwashika, kuwaangusha na kuwalazimisha wasalimu amri. Wengi wa wapinzani wale walikuwa hodari katika mchezo wao. Ila hawakuwa wamezoea kushikwa na mtu asiyeachia.

Hapa nachepuka kidogo kwa ajili ya kero yangu ya siku nyingi. Walimu wetu wameleta kutoka Japani majina na kuyaacha mazoezi. Mwanafunzi huambiwa akariri osoto gari, ouchi gari na mengine, kama dua, ilhali Kiswahili kina kupiga mwereka, kupiga mtama, kupiga ngwala, kubwaga, kukaba, kupiga kichwa na kupangua, na kila mtoto aliyepata kucheza mchangani anayajua maneno hayo kwa mwili wake kabla ya kuyajua kwa kinywa. Jina la kigeni humfanya mwanafunzi aone kwamba amepewa siri. Neno la kwao lingemkumbusha kwamba jambo lenyewe amekwisha kulifanya, tena na mtoto wa jirani asiyekubali kuanguka. Sipingi kukopa maneno. Napinga kukopa neno ili lizibe pengo la zoezi.

Turudi kwenye hoja. Yuko mpinzani mwingine aliye hodari zaidi, nami nisingekuwa mkweli kama ningemficha. Atanitajia jina la William Ewart Fairbairn. Mwingereza huyu aliingia katika polisi ya Shanghai mwaka 1907, katika mji ambao magenge yake yalikuwa na sifa mbaya ulimwenguni, akajifunza jujutsu huko na hatimaye akapata mkanda mweusi wa Kodokan. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kiitwacho Defendu. Mwaka 1940 alirudi Uingereza pamoja na mwenzake Eric Anthony Sykes, wakawafundisha makomando na wapelelezi wa vita, na mwaka 1942 akatoa kitabu All-in Fighting. Elimu yake ilikuwa fupi: kitako cha kiganja chini ya kidevu, ukingo wa kiganja shingoni, goti kinenani, kukanyaga mguu kwa kiatu, na mambo machache mengineyo. Askari hawakupambana wao kwa wao kwa mapigo hayo. Waliyapiga kwenye vinyago vilivyojazwa majani, kwa nguvu zote, basi. Mbona walifanikiwa vitani, ataniuliza mpinzani, bila randori yako?

Swali ni la haki, na sehemu yake moja naipokea kwa mikono miwili. Fairbairn alikuwa sahihi kuhusu uchache. Mwaka 1952 mtaalamu wa nafsi wa Uingereza, William Edmund Hick, alionyesha kwa vipimo kwamba muda anaouhitaji mtu ili aitikie ishara huongezeka kadiri machaguo yaliyo mbele yake yanavyoongezeka. Mwenye majibu thelathini kwa shambulio moja huchelewa kuliko mwenye mawili. Walimu wa ukumbini, wafundishao kwa alasiri moja jibu la kushikwa mkono wa kulia, jibu la kushikwa mkono wa kushoto, jibu la kushikwa mikono yote, jibu la kushikwa nywele, kila jibu na hesabu yake ya nne, wanampunguzia mwanafunzi mwendo na kumwita aliyeendelea. Fairbairn asingewaajiri. Zaidi ya hayo alisisitiza nguvu. Kinyago kilichojazwa majani hakikupata kuombwa radhi, na mwanafunzi alizoea kupiga bila kuzuia mkono wake, jambo ambalo safu mbili za ukumbini haziwezi kumzoeza, maana humo mkono husimama kidole kimoja kabla ya shavu la rafiki, na mwili hujifunza kusimama hapo.

Lakini tazama alikuwa akimfundisha nani. Wanafunzi wake wa vita walikuwa vijana waliochaguliwa, waliokwisha kupitishwa kwenye milima ya Uskochi kwa mazoezi makali, na waliokuwa wakitumwa kumwendea mtu asiyejua kwamba anaendewa. Mbinu ya kumvizia mlinzi kutoka nyuma haihitaji kujaribiwa juu ya mlinzi anayekataa, kwa kuwa ikifaulu hapati nafasi ya kukataa. Mwanafunzi wetu wa chuo yu upande wa pili wa mlango. Yeye ndiye anayeviziwa, yeye ndiye anayeshikwa akiwa na mkoba begani na kitabu mkononi. Kuichukua elimu ya mviziaji na kumpa mviziwa, bila hata kinyago cha majani, ni kulichukua lile jina kubwa na kuiacha kazi yake nyuma.

Sasa niseme mambo machache juu ya mapigo yenyewe, nisije nikadhaniwa kwamba napinga bila kujua ninachokitaka. Ngumi ya uso, ambayo kila mtu huikimbilia, ni silaha mbaya kwa mtu asiyezoea. Mifupa ya mkono ni myembamba na paji la uso ni gumu. Madaktari wanaijua vizuri ile mivunjiko ya mfupa ulio nyuma ya kidole kidogo, na wameiita kwa jina la mabondia. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Kitako cha kiganja hakina hatari hiyo, nacho hufika kidevuni vilevile. Katika umbali ambao watu wamekwisha kushikana, viwiko na magoti hufanya kazi kuliko mikono iliyonyooka. Hayo yote yaweza kufundishwa kwa pedi ambayo mwenzako ameishika, ilimradi mwenye pedi asiwe nguzo: na amsogelee mpigaji, amsukume, azunguke, ampige kofi kwa pedi anapoiacha mikono yake ianguke. Zoezi la dakika moja la namna hiyo humfanya kijana mwenye afya atweke kama aliyebeba gunia la mahindi, na kutweka huko ni habari ambayo haikuwamo katika cheti chake.

Juu ya kuangusha nitakuwa mkali zaidi. Binti mwenye uzito wa kilo hamsini hufundishwa kumbwaga mtu wa kilo themanini, na katika ukumbi humbwaga kweli, kwa kuwa mtu huyo amejirusha. Apewe mtu yuleyule akiambiwa, usianguke. Mara nyingi wataanguka wote wawili, na binti atakuwa chini. Basi somo la kwanza la kuangusha lapaswa kuwa la kuanguka: kuinamisha kidevu kifuani ili kisogo kisigonge sakafu, kutokinga kwa mkono ulionyooka, maana kifundo ndicho huvunjika, kujikunja na kuipiga mikeka kwa mkono wote. Kodokan huanza hapo tangu siku ya kwanza. Baada ya hapo lije somo la kuinuka huku mtu amekushika, miguu ikitumika kumzuia, mkono mmoja ukiulinda uso. Katika maonyesho yote niliyoyatazama, sijaona hata mara moja mwalimu akifundisha namna ya kuinuka, kwa sababu katika ngoma yao anayefundishwa haanguki kamwe.

Tena kuna jambo la sheria. Mazoezi mengi hayaishi mtu anapoanguka. Mwalimu huendelea kuhesabu: tano, teke la mbavu, sita, kisigino cha uso. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, humpa mtu haki ya kujitetea na kumtetea mwenzake, na humwekea mpaka pia: nguvu itumikayo iwe ya kadiri na ya lazima kwa utetezi huo. Iko hali ambayo utetezi waweza kufika mpaka kwenye kifo cha mshambuliaji, nayo sheria imeieleza. Ila mtu aliyelala chini bila kujiweza, ambaye hatari yake imekwisha, si mshambuliaji tena, na anayemkanyaga uso aweza kujikuta kizimbani akieleza kwamba hivyo ndivyo alivyofundishwa, mkono wake umezoea kufika sita. Mwalimu aliyemhesabia hatakuwako kizimbani kumsaidia. Zoezi lililo sawa lingeishia mlangoni: mwanafunzi apige, ajinasue, akimbie mpaka mstari uliochorwa sakafuni, apige kelele ya kuita watu. Kukimbia kufanywe zoezi, kurudiwe, kupewe alama.

Nimekuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi wa wanaoitwa kwenye mafunzo haya vyuoni ni wanafunzi wa kike, na sababu ya kuitwa kwao inajulikana na kila mtu ingawa matangazo huizungukia kwa maneno ya upole. Wapo wasomi wenzangu wanaoyapinga mafunzo yote ya namna hii kwa hoja kwamba yanamtwika mwanamke mzigo wa kosa la mwanamume. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu kosa ni la mkosaji na hakuna zoezi linaloweza kulihamisha. Lakini hoja ikitumiwa kumnyima mtu elimu imfaayo, imekwisha kuwa kitu kingine. Edith Garrud, mwanamke wa London ambaye urefu wake haukufika futi tano, alikuwa akiwafundisha jujutsu kufikia mwaka 1913 wanawake waliomlinda Emmeline Pankhurst asikamatwe, na waliotazamiwa kuwashambulia walikuwa polisi wenye rungu. Sijasikia kwamba kwa kufanya hivyo aliwaondolea polisi lawama.

Na uko utafiti. Mwaka 2015 Charlene Senn na wenzake walichapisha matokeo ya mafunzo yaliyofanywa katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada, kwa wanafunzi wa kike 893 wa mwaka wa kwanza. Nusu yao, kwa kura, walipewa mafunzo ya saa kumi na mbili, yaliyogawanywa katika vipindi vinne. Wengine walipewa vijitabu vya maelezo. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la vijitabu walikuwa asilimia 9.8, na katika kundi la mafunzo asilimia 5.2. Mtetezi wa saa mbili asiharakishe kufurahi. Katika saa zile kumi na mbili, mapigo ya mwili yalikuwa sehemu ndogo. Muda mwingi ulitumika kwa jambo ambalo ukumbi wetu haulitaji kabisa, yaani kwamba mshambuliaji aghalabu ni mtu anayejulikana: mwanafunzi mwenzake, rafiki wa rafiki, mtu aliyemsindikiza kwa heshima. Walijifunza kuitambua hatari ikiwa bado na sura ya urafiki, kuivunja haya inayomfunga mtu mdomo mbele ya mtu anayemjua, kukataa kwa sauti, na kupiga ikibidi.

Mwanafunzi wetu hufundishwa kinyume. Hufundishwa mgeni mwenye uso wa kutisha, aliyesimama mbele yake, mchana, chini ya taa za ukumbi, amshikaye ukosi na kumngojea. Hafundishwi la kufanya mwenzake wa darasani anapoufunga mlango kwa funguo na kucheka. Na hata pale mwalimu anapojaribu kufundisha kukataa kwa maneno, kasoro ni ileile ya mikono: mwanafunzi husema "Hapana!" mara moja, na mwenzake, kama alivyoagizwa, hurudi nyuma. Mtu wa kweli hujibu. Husema, kwani nimefanya nini? Husema, utaniharibia jina. Husema, wewe ndiwe uliyekuja. Basi mwenzake wa zoezi na afundishwe kujibu hivyo, tena kwa ustadi, ili ulimi wa binti uzoee kusema hapana ya pili, na ya tatu, na ya nne ambayo haina haja ya kuwa na adabu. Hapo ndipo sisi watu wa lugha tungeweza kuwa na faida. Kiswahili chetu kina njia nyingi mno za kukataa kwa upole, labda, tutaona, siku nyingine inshallah, na msichana aliyelelewa vizuri anazijua zote. Njia za kukataa bila upole hana, kwa kuwa hakuna aliyempa.

Wakuu wa vyuo wataniambia kwamba mafunzo ya saa kumi na mbili ni ghali, na mtu aliyevaa kinga ya kichwa na kifua ili apigwe kwa nguvu zote na wanafunzi, kama ifanywavyo Marekani tangu miaka ya 1970, hapatikani kwa urahisi. Mikeka minene ni ghali pia, na wasichana wenye mvunjiko wa kifundo huleta barua za wazazi. Nayajua hayo. Lakini saa mbili za ukumbini nazo hulipiwa, na picha zake hutundikwa ubaoni kama ushahidi kwamba chuo kimetimiza wajibu wake. Fedha hiyo hiyo ingetosha kuanza na kundi la watu ishirini, mara moja kwa juma, kwa magodoro yaliyoazimwa bwenini na pedi nne. Na kabla ya kumlipa mwalimu yeyote, mkuu wa wanafunzi aingie ukumbini, amchague kijana mmoja mwenye nguvu kutoka miongoni mwa watazamaji, amnong'oneze sikioni kwamba akishikwa asianguke, kisha amwombe mwalimu aonyeshe somo lake juu ya kijana huyo.